Usiniulize tripu ngapi za kifusi

Wiki iliyopita swali lilikuja tena. Safari hii aliyeuliza ni mama mmoja aliyenunua kiwanja upande wa Boko, Dar es Salaam: "Injinia, kiwanja changu masika kinatuamisha maji. Nimwage kifusi tripu ngapi?" Nimeshaulizwa hivyo hivyo Tabata, Mbagala, Tegeta na Kinyerezi. Nimeulizwa kwenye daladala, kwenye kikao cha harusi, hata makaburini tukiwa bado tumeshika makoleo. Kazi yangu ni kusanifu mifereji ya maji ya mvua kwenye maeneo yanayojengwa, kwa hiyo kuulizwa hakunisumbui. Kinachonichosha ni kwamba miaka yote hii swali halijabadilika hata neno moja, na watu wanaendelea kumaliza akiba zao kwa sababu yake.

Jibu langu ni hili: sijui tripu ngapi, na wewe huna haja ya kujua, kwa sababu kifusi hakiondoi maji. Kinayasogeza. Yatasogea kwa jirani au yatasogea barabarani, na baada ya mwaka mmoja au miwili yatarudi kwako yakiwa mengi kuliko mwanzo. Anayeuliza idadi ya tripu ameshajiandikia dawa kabla ya kupimwa. Hajauliza maji yanatoka wapi. Hajauliza kwa nini yanakaa pale na hayakai nyumba ya tatu. Na swali kubwa kuliko yote, yakitoka kwake yanakwenda wapi, halimjii kabisa. Methali ya maji hufuata mkondo tunaitumia kila siku kwenye mambo ya watu. Kwenye kiwanja, ambako ni kweli tupu, tunaisahau.

Twende kwenye hesabu, maana ndiyo inayomaliza ubishi.

Kiwanja cha ishirini kwa ishirini kina mita za mraba 400. Ukitaka kukiinua chote kwa sentimita 60 unahitaji mita za ujazo 240 za udongo ulioshindiliwa. Udongo wa kumwaga ukishindiliwa unasinyaa kwa kama sehemu moja ya tano, kwa hiyo utanunua mita za ujazo 300. Kwa Fuso inayobeba mita sita, hizo ni tripu 50. Haya, umepata idadi uliyoitaka. Sasa tazama kinachofuata.

Chukua bonde dogo la viwanja 20 vya namna hiyo, lisilo na mtaro wa kutolea maji. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanasimama sentimita 40 kila mahali. Hayo ni mita za ujazo 3,200. Wenye uwezo kumi wanainua viwanja vyao kwa sentimita 60. Mvua ile ile inarudi. Maji hayajapungua hata ndoo moja. Kilichopungua ni mahali pa kukaa. Yanaanza kujaza viwanja kumi vilivyobaki chini hadi usawa wa kifusi cha wenzao, na hapo mita 2,400 zimekwisha. Zinabaki mita 800, ambazo sasa zinatandaa juu ya viwanja vyote 20. Waliobaki chini, waliokuwa na maji ya sentimita 40, sasa wana 70. Na wale kumi waliomwaga tripu 50 kila mmoja wana sentimita 10 juu ya kifusi chao kipya. Tripu 500 zimeingia mtaani na hakuna hata mmoja aliyekauka.

Hapo nimekuonea huruma, kwa sababu nimechukulia kwamba maji ni yale yale. Si yale yale. Kila nyumba inapojengwa, maji yanaongezeka. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa Dar es Salaam si ajabu kunyesha ndani ya saa moja au mbili za Aprili, inadondosha kwenye kiwanja chako lita 20,000, yaani maboza mawili ya lita elfu kumi. Kiwanja kikiwa bado mchanga na majani, kinakunywa sehemu kubwa. Yanayotiririka nje ni kama lita 3,000. Jenga nyumba yenye paa la mita za mraba 180, tandaza pevingi mita 160, bakiza bustani ya mita 60. Paa halinywi kitu. Pevingi iliyozibwa kwa saruji inakunywa kidogo sana. Maji yanayotoka sasa yanakaribia lita 16,000, zaidi ya mara tano ya yale ya mwanzo, tena yanatoka kwa mkupuo mmoja mvua ikiwa bado inapiga. Wingu halijabadilika. Mtaa ndio umebadilika.

Kifusi kinaongeza chake. Udongo wa pwani sehemu nyingi ni mchanga, na mchanga unakunywa vizuri. Tunakwenda kukata vilima, tunaleta udongo mwekundu wenye mfinyanzi, tunautandaza juu ya mchanga na kuukanyagisha kwa magari. Baada ya hapo tunashangaa maji hayazami kama zamani. Tumefunika kinywa cha ardhi kwa mikono yetu wenyewe.

Naomba nikupeleke kwa mzee mmoja upande wa Tabata, maana hesabu peke yake haimfikishi mtu nilikomkuta yeye. Nilipofika nilimwamkia shikamoo nikiwa barabarani, na kichwa chake kilikuwa usawa wa kiuno changu. Yeye alikuwa amesimama uani kwake. Alijenga mwaka 1984, na wakati huo, akasema, watoto walikuwa wanapanda ngazi tatu kutoka barabarani kuingia barazani. Leo unashuka ngazi nne. Barabara imeinuliwa mara mbili, jirani wa kushoto amemwaga kifusi, wa kulia amemwaga zaidi, wa nyuma ameweka ukuta.

Ndani ndiko kulikonikosesha maneno. Mzee naye, kwa kukosa mtu wa kumshauri, alimwaga kifusi chumbani na kusakafia juu yake. Alifanya hivyo mara mbili. Sakafu imepanda karibu nusu mita. Milango imekatwa chini mara mbili ili ifunguke, kwa hiyo kitasa cha chumba chake kiko usawa wa goti. Mke wake, mwenye maumivu ya mgongo, anainama kila anapoingia kulala. Feni ya dari imeng'olewa, kwani ingewakata vichwa. Ukutani maji yameacha mistari ya kahawia, mmoja juu ya mwingine. Aliuwekea kidole mstari wa juu kabisa akasema, "Huu ni wa Desemba, mwaka ule wa elfu mbili na kumi na moja." Ni mafuriko yale yale ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua yake haikuwahi kuonekana Dar es Salaam tangu 1954, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuwahamishia Mabwepande wengi waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi.

Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, mimi sijahama wala sijashuka. Wenzangu ndio waliopanda."

Ukimwaga kifusi kwenye kiwanja kizima, bili haifutiki. Anapelekewa mtu kama huyu. Na asidhani aliyepanda kwamba amesalimika. Ukuta wa fensi wa tofali la inchi sita umejengwa uzuie watu na mbuzi. Haukujengwa uzuie mita moja ya udongo uliolowa. Udongo mkavu unasukuma. Udongo uliojaa maji unasukuma zaidi sana, na kama ukuta hauna matundu ya kutolea maji, unasukumwa na udongo na maji kwa pamoja. Nimeona kuta hizi zikilala usiku wa mvua upande wa jirani, upande waliko watoto wake. Mtu anayemwaga kifusi kwenye ukuta wa fensi bila nguzo, bila msingi wa kazi hiyo na bila matundu, anaweka mtego kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Halafu kuna nyumba yako mwenyewe. Kifusi kikipita usawa wa jamvi, unyevu unaingia ukutani juu ya karatasi ya kuzuia unyevu, kama uliiweka. Rangi inavimba, chumvi inatoka, plasta inadondoka, na kila mwaka fundi anakuja kupaka upya akikwambia rangi ilikuwa feki. Rangi haina kosa. Chemba za maji taka zinafukiwa. Karo linaingiwa na maji kutoka pembeni, choo kinakataa kushuka, kinyesi kinaelea uani, na tunajua kipindupindu kinaanzia wapi. Na kifusi chenyewe kimejaa vipande vya plasta, mizizi na mifuko ya nailoni. Ukikimwaga kwa mkupuo bila kukishindilia kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kitazama kwa miaka na kuipasua sakafu uliyoiweka juu yake.

Najua kinachofuata, kwani kila ninaposema haya mtu huinua mkono: "Mbona fulani amemwaga kifusi na kwake pakavu?" Pakavu kwa sababu amekuwa wa kwanza. Rudi kwenye hesabu ya viwanja 20: akiinua mmoja tu, maji yake yanagawanywa kwa wenzake 19 na kila mmoja anaongezewa sentimita mbili, hakuna anayezitambua. Akiinua wa pili, wa tatu, wa saba, zinatambulika. Kukauka kwa wa kwanza ndilo tangazo linalowauzia kifusi wengine wote, na ndiyo maana imani hii haifi. Kila mtu amemwona kwa macho yake jirani aliyefanikiwa. Hakuna anayerudi kumtazama baada ya miaka mitano.

Na mara nyingine kiwanja hakikuhitaji kuinuliwa hata kidogo. Mwaka jana niliitwa Kinyerezi na baba mmoja aliyekwisha kumwaga tripu 34 na bado maji yalikuwa yanaingia jikoni. Alitaka nimwambie kama azifikishe 50. Nilimwomba fundi wake atuletee mpira wa maji, ule mpira mweupe wa kuchukulia levo ambao kila fundi anao. Tukashika ncha moja barazani, nyingine getini. Geti lilikuwa juu ya baraza kwa sentimita saba. Pevingi yote ya mbele, iliyowekwa kwa fedha nyingi na kwa ustadi wa macho, ilikuwa inainamia nyumba. Maji ya paa yalidondoka uani na kurudi jikoni. Nyuma ya ukuta, hatua mbili tu, ulipita mtaro wa mtaa ukiwa mkavu, na ukutani hapakuwa na tundu hata moja. Tulipima kwa nusu saa. Wiki hiyo pevingi iling'olewa na kupangwa upya ikiangalia ukuta, na kwenye kona ya chini yakatobolewa matundu mawili yenye nondo za kuzuia taka. Jiko halijaingiwa na maji tangu siku hiyo. Zile tripu 34 ziko pale pale, zimefukia chemba mbili ambazo sasa hakumbuki ziko wapi.

Kifusi kina kazi yake halali. Kinafaa ndani ya msingi, chini ya jamvi, kikishindiliwa. Kinafaa kwenye mradi ambao mtaro mkubwa umejengwa kwanza, usawa wa kila kiwanja ukapangwa kwa vipimo, na maji yaliyonyang'anywa mahali pao yakapewa mahali pengine. Huo ni uhandisi. Kushindana na jirani nani atakuwa juu zaidi, hapana.

Kwenye mabonde ya mito sina hata subira ya kueleza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Mita 60 ni viwanja vitatu vya ishirini kwa ishirini, vikipangwa mstari. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unapokea maji ya mito ya Ubungo, Luhanga na Sinza, na unapita Jangwani kuelekea baharini. Bahari ikiwa imejaa, mto unasubiri, na unasubiria pale pale bondeni. Karakana ya mabasi yaendayo haraka iliwekwa Jangwani, ikafunikwa na maji zaidi ya mara moja, licha ya wahandisi na mitambo yote iliyokuwapo. Mtu mwenye Fuso moja na koleo atafaulu vipi?

Dawa ya pili inayopendwa ni shimo la kunywea maji. Nitalisema kwa kifupi kwa kuwa shimo, tofauti na kifusi, mara nyingine linafaa. Linafaa kwenye mchanga wa maeneo ya juu, ambako maji ya ardhini yako mbali. Mikocheni, Msasani, sehemu za Kigamboni na Mbezi Beach, masika maji ya ardhini yanapanda karibu na uso. Shimo ulilochimba Januari likiwa kavu linakuwa kisima mwezi Aprili, na kisima hakinywi mvua. Chimba la majaribio mwezi wa Aprili. Ukikuta maji kabla ya mita mbili, sahau. Ukikuta pakavu, jaza maji shimoni, yaache yazame, jaza tena, kisha pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Kitako cha shimo kibaki angalau mita moja juu ya maji ya ardhini. Liwe mbali na msingi kwa mita tano, na mbali na kisima cha mtu kwa mita 30. Kuelekeza bomba la paa kwenye karo la choo ni marufuku kabisa, na kuliunganisha na bomba la maji taka la DAWASA vilevile. Mabomba yale yamesanifiwa kwa maji ya choo na bafu. Ukiyaingizia mvua, yatafumuka kwenye chemba ya mwenzako.

Sasa, kinachotakiwa. Sharti lenyewe ni rahisi kulitamka: baada ya ujenzi, maji yasitoke kiwanjani kwa kasi kubwa kuliko yalivyokuwa yakitoka kabla. Ndilo sharti linalowaongoza wahandisi wa kazi hii popote. Singapore, ambako mvua ni nyingi kuliko kwetu, tangu Januari 2014 kila ujenzi mpya wa hekta 0.2 na zaidi lazima uzuie sehemu ya maji yake humo humo ndani. Hekta 0.2 ni viwanja vitano tu vya ishirini kwa ishirini. Kwa hiyo mchoro ukiletwa mezani kwangu, sianzi na vyumba vya kulala. Natafuta usawa wa ardhi kwenye kona nne, usawa wa barabara, usawa wa jamvi, na mshale unaoonyesha maji yanatokea wapi na yanapokelewa na nani. Mchoro usio na mshale huo naurudisha.

Mwenye kiwanja kimoja afanye haya. Inua nyumba, acha kiwanja: jamvi liwe sentimita 45 hadi 60 juu ya alama ya juu kabisa ya maji, uliyoonyeshwa na wenyeji wa zamani, siyo na dalali. Kama maji ni ya kina, nyumba isimame juu ya nguzo na maji yapite chini yake. Ardhi inayozunguka nyumba iinamie nje, sentimita tano kwa kila mita, kwa mita mbili au tatu za mwanzo. Paa liwe na gata na gata liingie kwenye tangi; paa la mita 180 kwenye mvua ya milimita 50 linatoa lita 9,000, lakini tangi lililojaa tayari halizuii hata tone, kwa hiyo litumie au litobolee tundu dogo la kulipunguza taratibu kati ya mvua moja na nyingine.

Bakiza udongo. Angalau robo ya kiwanja, theluthi ukiweza. Bustani isiinuliwe kwa vitofali kama tunavyopenda. Ishushwe sentimita 15 chini ya pevingi. Bustani ya mita za mraba 60 ikishushwa hivyo inashika lita 9,000, yaani maji yote ya lile paa, bila pampu na bila umeme. Hilo peke yake lingefanywa na kila nyumba mtaani, nusu ya simu ninazopigiwa zingekoma. Pevingi ilazwe juu ya mchanga, nafasi zake zijazwe kokoto ndogo, saruji isimwagwe humo.

Mfereji uwe na mwinamo usiopungua sentimita moja kwa kila mita, na uwe na mwisho. Nimeshaona mifereji mizuri, imesakafiwa, inayoishia ukutani. Na hapa getini, tafadhali sana: mtaro wa barabara ya mtaa si wako, uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na bomba unalolaza humo ili gari lipite linawahusu wote walio juu yako. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60 ukiubana kwa bomba la inchi sita, umeziba sehemu 19 kati ya 20 za njia yake. Hiyo moja iliyobaki itazibwa na chupa ya plastiki mvua ya kwanza. Weka kalavati lenye upana wa mtaro wenyewe au daraja la zege linaloweza kuinuliwa ukasafisha chini yake. Mchanga na kokoto za ujenzi zisimwagwe juu ya mtaro. Zizungushie matofali au viroba zisisombwe. Mitaro izibuliwe Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, kwa kuchangishana, na tope lipakiwe liondoke. Likiachwa ukingoni linarudi humo humo.

Wanaogawa mashamba kuwa viwanja 50 au 100 wana deni kubwa zaidi. Hesabu niliyotoa kwa nyumba moja izidishe kwa mia: mvua ile ya milimita 50 ilikuwa inatoa lita 300,000 shambani, sasa inatoa zaidi ya 1,500,000, na zote zinakwenda kwa walio chini. Mtaro mkuu na bwawa la kuzuilia maji, lenye tundu la kuyaachia polepole, vijengwe kabla ya kuuzwa kiwanja cha kwanza, na eneo la bwawa lisije likauzwa baadaye kama kiwanja cha kona. Korongo la asili lililoko shambani lisigawanywe vipande na kupewa namba; korongo ndiyo njia ya maji, na litabaki kuwa njia ya maji hata likiwa na hati. Tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe na mtu aliyefika kwenye eneo siku ya mvua. Na mnunuzi, kabla ya kutoa fedha, aombe kuonyeshwa mtaro. Akionyeshwa mchoro wa mtaro, asubiri mpaka uchimbwe.

Kwa mama yangu wa Boko. Usimwage kitu bado. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, chukua mwavuli, vaa viatu vya mvua, simama pale maji yanapoingilia kiwanjani, kisha yafuate kwa miguu mpaka uone yanapoishia, hata kama ni mitaa mitatu mbele. Piga picha. Chora alama kwenye mti au ukuta pale yalipofika juu, na uandike yalikauka baada ya saa ngapi au siku ngapi. Ongea na majirani wa juu yako na wa chini yako, na mwenyekiti wa mtaa awepo. Ukiwa na hayo nipigie, nitakuja na mpira wa maji na tutapima bila malipo. Tukikuta maji yana pa kutokea, tutayafungulia njia. Tukikuta hayana, nitakwambia usijenge hapo.